Kupitiwa

Mtu wa visiwani akisahau chumvi sokoni, au akiipita nyumba aliyokusudia kuingia, aghalabu hasemi kuwa amekosa. Husema, "Nimepitiwa." Kitenzi chenyewe kimewekwa katika kauli ya kutendwa: msemaji hakutenda lolote, bali kuna kitu kilichompitia kikaenda zake. Wazee walikuwa na jina la kitu hicho. Walikiita chechele, na mtu aliyepotewa na mawazo kwa kitambo walisema amechukuliwa na chechele. Hakuna aliyemwogopa chechele. Lilikuwa neno la mzaha na la huruma kwa pamoja, neno la kumtakia mtu radhi kwa udhaifu ambao hakuna mwanadamu asiyekuwa nao.

Kwa hiyo mwaka 2018, katika nyumba moja ya Ng'ambo mjini Unguja, mtoto wa kike wa miaka sita alipoanza kunyamaza katikati ya maneno, hakuna aliyeshtuka. Asubuhi moja bibi yake, mama wa baba, alimwona ameshika kipande cha mkate karibu na midomo, macho yamekaza mbele, kope zikipepesa kidogo kidogo. Alimwita mara mbili asiitikie. Kabla hajamwita mara ya tatu, mtoto aliutia mkate kinywani akaendelea kutafuna. "Kapitiwa huyo," bibi akasema, na waliokuwapo wakacheka. Mtoto naye akacheka kwa kuwaona wenziwe wanacheka, bila ya kujua kinachochekwa.

Chuoni hapakuwa na kicheko. Watoto walikuwa wakisoma kwa pamoja, kwa sauti, na sauti ya mmoja ikikatika husikika upesi. Maalim aliona kwamba mtoto huyu husita katikati ya aya, kisha huendelea pale pale alipoachia, ilhali wenziwe wamekwisha fika mbele. Alimwonya. Mtoto alijibu kuwa hakuacha kusoma. Maalim aliliona jibu hilo kuwa ni uongo uliotiwa juu ya uzembe, na kwa uongo bakora ilikuwa kali zaidi. Skulini mambo hayakuwa tofauti sana: mwalimu wa darasa la kwanza aliandika kwamba mtoto ana akili lakini huota mchana. Kwa muda wa miezi minne hivi mtoto aliadhibiwa kwa kosa ambalo hakujua kuwa amelitenda, na huko kutojua ndiko kulikomfanya aonekane mkaidi.

Mama yake hushona kofia za viua. Ni kazi ya kuhesabu: kitobo kimoja kikizidi upande mmoja, ua zima hupinda. Labda kwa mazoea hayo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuhesabu. Jumamosi moja aliketi barazani na kofia yake, akawa kila mtoto anaponyamaza yeye huchoma pini moja kwenye kitambaa. Hata kufikia adhuhuri pini zilikuwa 11. Hakuna mtu anayepitiwa mara 11 katika asubuhi moja. Tena aliona kuwa hivyo havikuwa vipindi vya mtu anayewaza, maana anayewaza akiguswa bega hugutuka, na huyu hakugutuka. Vilianza ghafla kama taa iliyozimwa na vikaisha ghafla kama taa iliyowashwa, baada ya sekunde 10 hivi, na baina ya kuzimwa na kuwashwa hapakuwa na kumbukumbu yoyote. Tangu siku hiyo mama aliacha kumtuma dukani upande wa pili wa barabara. Alimkataza kukaribia jiko, kuteka maji kisimani na kuogelea pwani na wenziwe. Sekunde 10 ni chache mtu akiwa barazani. Akiwa mbele ya daladala au ndani ya maji ni nyingi mno.

Kila mmoja alikuwa na shauri lake. Bibi alitaka mtoto asomewe na anywe kombe, na akasomewa na akanywa. Jirani mmoja alitaja degedege, maradhi ambayo wazee waliyahusisha na ndege wa usiku, lakini hakusisitiza, kwani mtoto huyu hakukakamaa wala hakutetemeka wala hakuwa na homa. Baba, dereva wa gari ya shamba, alimpeleka kwenye kituo kimoja cha tiba ambako mtabibu alimsikiliza kwa dakika chache, akasema ni kifafa, akaandika kabamazepini, dawa ya kifafa inayojulikana na kupatikana kwa urahisi. Jina la maradhi lilikuwa sahihi. Dawa haikuwa. Katika wiki ya tatu pini za mama zilifika 26. Mama alidhani kuwa anakosea saa za kumpa, akazidi kuwa makini. Na kadiri alivyozidi kuwa makini ndivyo mtoto alivyozidi kupotea. Hakuna aliyemwambia kwamba ipo aina ya kifafa ambayo dawa hiyo huweza kuichochea badala ya kuituliza.

Mwanzoni mwa 2019 walivuka kwa boti hadi Dar es Salaam, kwa daktari wa watoto anayeshughulika na maradhi ya ubongo. Mama alikuwa na hesabu zake zote katika karatasi. Daktari, mwanamke wa makamo, aliisoma karatasi hadi mwisho kabla ya kumtazama mtoto, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza: "Akipuliza kitu kwa muda mrefu, huwa vipi?"

Mama akakumbuka. Babu alikuwa amemsukia mjukuu wake kititia cha ukuti, na mtoto alipokipuliza kwa nguvu ili kizunguke, mara kwa mara alinyamaza nacho mkononi, hata babu akadhani kimemchosha. Daktari alikata ukanda wa karatasi, akamwambia mtoto aupulize mfululizo, pumzi nzito juu ya pumzi nzito, mpaka aambiwe basi. Kipimo hicho huendelea kwa dakika 3. Ya pili haijatimia, karatasi ilitulia na macho yakakaza. Daktari alitaja neno moja, "embe", na mtoto aliporudi akamwuliza ni neno gani lililotajwa. Mtoto hakulisikia. Baba, ambaye hadi siku hiyo alikuwa akiamini kimoyomoyo kwamba mtoto anajifanya, alitoka nje ya chumba akakaa peke yake kwenye benchi.

Kipimo cha umeme wa ubongo kilithibitisha yaliyoonekana. Daktari alieleza kuwa hiki ni kifafa cha utotoni cha kupotewa na fahamu kwa sekunde chache. Aghalabu huanza baina ya umri wa miaka 4 na 10, kwa watoto ambao kwa mengine yote ni wazima, na huweza kuja mara makumi kwa siku.

Bibi aliposikia habari hizo aliomba jambo moja tu: neno kifafa lisitajwe nje ya nyumba. Katika masikio ya watu wengi neno hilo limebeba mauti ndani yake, kwa vile linavyokaribiana na kufa. Limebeba pia picha ya mtu aliyeanguka motoni, povu mdomoni, na watu wakiogopa kumgusa. Msichana aliyewahi kutajwa kwa neno hilo huweza kukosa posa hata akiwa amepona. Bibi hakuwa mjinga wala mkatili. Alikuwa akiilinda miaka ya mbele ya mjukuu wake kwa silaha aliyokuwa nayo, ambayo ni kunyamaza.

Utabibu wa Ulaya ulipata neno jingine. Mganga wa Uswisi, Samuel-Auguste Tissot, aliyaeleza matukio haya mafupi katika kitabu chake cha kifafa cha mwaka 1770, na mwaka 1824 Mfaransa Louis-Florentin Calmeil akayapa jina lenye maana ya kutokuwepo. Jina hilo ndilo lililoenea katika lugha za madaktari. Ni jina la anayetazama: mtu yuko mbele yako, naye hayupo. Neno la bibi ni la upande wa aliyepatwa: hakwenda popote, amepitiwa. Baada ya kushauriana, mama na baba waliamua kumweleza mtoto kwa neno la bibi. "Hukukosa wewe, mwanangu," mama alimwambia. "Ulikuwa ukipitiwa, na ipo dawa yake." Kwa wale waliohitaji kujua, walimu na majirani wa karibu, walisema kifafa, kwa sababu dawa haitafutwi kwa jina la kuficha.

Kinachompitia mtoto kama huyu kimekuwa kikionekana kwa macho tangu 1935. Mwaka 1929 Hans Berger wa Jena, Ujerumani, alichapisha taarifa ya kwanza ya umeme wa ubongo wa binadamu uliochorwa kwa chombo. Miaka sita baadaye, mjini Boston, Frederic Gibbs, Hallowell Davis na William Lennox walionesha kwamba wakati wa matukio haya ubongo huchora umbo moja tu, ncha na wimbi, ncha na wimbi, mara 3 kwa kila sekunde. Ubongo ulio macho ni mfano wa ngoma nyingi, kila moja na mdundo wake, na katika kupishana kwa midundo hiyo ndimo mtu anamofikiri na kusikia. Katika sekunde hizo chache ngoma zote hupigwa kwa mdundo mmoja, na pamoja na kelele zote hizo hakuna kinachosemwa. Mdundo huo huzaliwa baina ya gamba la nje la ubongo na thalamasi, sehemu ya ndani inayopokea habari za hisia na kuzigawa. Seli za thalamasi zina vijitundu vya kupitishia kalsiamu, na aina moja ya vijitundu hivyo ina sehemu kubwa katika kuuendesha mdundo.

Dawa zilipatikana kabla ya hayo kueleweka. Katikati ya miaka ya 1940 Lennox alitoa taarifa ya trimethadioni, iliyoyazuia matukio haya vizuri lakini kwa madhara mazito. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ikaja ethosuksimidi, iliyo laini zaidi kwa mwili, na ni mwaka 1989 ndipo watafiti walipoonesha kwamba inaupunguza mkondo wa kalsiamu katika vijitundu vile vya thalamasi. Nyingine ni asidi ya valproiki. Hiyo ilikuwapo maabara tangu 1882 bila ya mtu kuijua faida yake. Ilitumika kuyeyushia dawa nyingine, hadi mwaka 1962 huko Grenoble, Ufaransa, Pierre Eymard na wenzake walipogundua kwamba kile kilichodhaniwa kuwa chombo cha kubebea dawa ndicho dawa yenyewe. Ya tatu, lamotrijini, ni ya miaka ya karibuni zaidi.

Kwa miongo mingi madaktari walichagua baina ya hizo kwa mazoea. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Marekani kwa watoto 453 wenye maradhi haya, waliogawanywa kwa bahati nasibu katika mafungu matatu. Baada ya wiki 16 hadi 20 tiba ilikuwa imefaulu kwa asilimia 53 ya waliopewa ethosuksimidi, asilimia 58 ya waliopewa asidi ya valproiki, na asilimia 29 tu ya waliopewa lamotrijini. Kwa hesabu za kitaalamu, mbili za kwanza hazikupitana. Lakini watafiti waliupima pia umakini wa watoto, na hapo zikaachana: waliopungukiwa na umakini walikuwa asilimia 49 katika fungu la valproiki, na asilimia 33 katika fungu la ethosuksimidi. Dawa inayomrudisha mtoto darasani kisha ikamzuia asishike somo imefanya nusu ya kazi. Ndiyo maana ethosuksimidi ikawa chaguo la kwanza kwa mtoto ambaye hana aina nyingine ya kifafa, kwani kifafa kikubwa cha kuanguka haikizuii.

Kwa mtoto wa kike ipo sababu ya ziada. Asidi ya valproiki ikitumiwa na mama mjamzito huweza kumletea mtoto aliye tumboni ulemavu wa viungo na upungufu wa akili, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba isiandikwe kwa wasichana na wanawake wanaoweza kushika mimba. Daktari wa Dar es Salaam aliyajua madhara hayo kabla ya tamko. Aliandika ethosuksimidi.

Hapo tabu ikaanza upya. Ethosuksimidi imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika hilo hilo, lakini orodha si rafu. Baba alizunguka maduka ya dawa kwa siku mbili, Kariakoo na kisha Darajani. Alikuta fenobabitali, alikuta kabamazepini, mahali pengine alikuta valproiki. Hatimaye barua ya daktari ilipelekwa Maskati, kwa shangazi wa mtoto, naye akaionesha kwa daktari wa huko, akaandikiwa. Chupa za kwanza zilikuja mkobani mwa msafiri, zimeviringwa katika kanga.

Ilikuwa dawa ya maji, miligramu 250 katika kila mililita 5, na mililita 200 katika chupa. Mtoto alikuwa na uzito wa kilo 18. Aliamriwa aanze na mililita 5 kwa siku, na baada ya wiki moja mililita 5 asubuhi na 5 usiku, huku kabamazepini ikiondolewa polepole. Siku za mwanzo tumbo lilimwuma na kwikwi zikamshika. Mama akawa anampa baada ya uji, si kabla, na katika wiki ya pili tumbo likatulia.

Daktari alitaka hesabu ziendelee, na nusu ya mchana wa mtoto ilikuwa chuoni. Mama alikwenda kwa maalim.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, bibie. Karibu."

Alimweleza yote, na la karatasi iliyopulizwa, na la neno embe. Maalim alisikiliza ameinamisha kichwa. Alipomaliza alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Basi nimemdhulumu mtoto." Siku ya pili, mbele ya wanafunzi wote, alimwomba radhi, jambo ambalo watu wa mtaa walilizungumza kwa siku nyingi, wengine kwa kumsifu na wengine kwa kumlaumu. Kisha akafungua daftari, na kila mtoto aliponyamaza alipiga mstari mmoja. Asubuhi ya kwanza ilikuwa mistari 14. Wiki ya pili ikawa 9, ya nne ikawa 2. Katika wiki ya sita ukurasa ulikuwa mtupu. Maalim hakuliweka daftari. Kila asubuhi aliandika tarehe, na chini ya tarehe hakuandika kitu.

Mwaka ukapita hivyo. Mililita 10 kwa siku ni chupa moja kwa siku 20, na chupa 18 kwa mwaka, na zote zilikuja katika mikoba ya wasafiri. Mwishoni mwa Machi 2020, kwa ajili ya korona, Oman ilisimamisha safari za ndege za abiria, na katikati ya Aprili Tanzania nayo ikasimamisha ndege za abiria kutoka nje. Kabatini zilikuwa zimebaki chupa mbili na kitu kidogo.

Mama alifanya hesabu ambayo mshonaji yeyote angeifanya kitambaa kikipungua. Bila ya kumwambia mume wala mkwe, kijiko cha usiku alikipunguza kutoka mililita 5 hadi 3, na baada ya siku chache hadi 2. Kila usiku aliinyanyua chupa mbele ya taa aone amekwisha okoa kiasi gani. Kwa siku tisa hapakutokea kitu, naye akaanza kuamini kwamba labda kipimo kile kilikuwa kikubwa tangu mwanzo. Siku ya kumi, jioni, mtoto alisimama mbele ya pipa na kikombe mkononi. Kikombe kilikuwa kimeinama na maji yakimmwagikia miguuni, naye hayaoni. Mama alihesabu bila ya kutaka. Zilifika sekunde 8. Kisha mtoto akaitazama kanga yake iliyorowa, akamtazama mama yake, akauliza, "Nani kanimwagia maji?"

Usiku ule mama hakulala. Alikuwa na njia ya kujiokoa: kumwambia daktari kwamba dawa imeshindwa. Hakuna ambaye angejua. Asubuhi alipiga simu Dar es Salaam.

"Daktari, imerudi. Na ni mimi niliyempunguzia."

Daktari hakumkemea. "Ahsante kwa kuniambia, mama," alisema. "Ungenyamaza, ningeiacha dawa inayomfaa kwa kudhani haimfai." Akamweleza kwamba dawa ya kifafa haikatwi wala haipunguzwi bila ya mpango, kwa sababu ubongo uliozoea kuzuiliwa huweza kuachia kwa nguvu kuliko mwanzo. Kisha wakapanga. Mtoto arudishiwe kipimo chake kamili kwa kilichobaki. Wakati huo huo aanzishwe valproiki kwa kiasi kidogo na iongezwe hatua kwa hatua, ili ethosuksimidi itakapokwisha asiachwe mtupu. Mama aliambiwa dalili za kuangalia: kutapika kusikokoma, usingizi usio wa kawaida, macho ya manjano, kwani dawa hiyo huweza kulidhuru ini. "Hii ni daraja ya kuvukia," daktari alisema. "Si nyumba ya kukaa."

Daraja ilivusha. Matukio hayakurudi tena. Lakini mtoto aliyekuwa akimaliza hesabu za darasa kabla ya wenziwe alianza kuzitazama muda mrefu. Alikula sana akanenepa, na asubuhi mama alikuta nywele nyingi kwenye kitana. Maalim naye aliona: hasiti katika aya, alisema, lakini aya haimkai. Hakuna aliyempiga. Safari za ndege za abiria za Oman ziliporudi mwezi wa Oktoba, shangazi alituma chupa nne kwa msafiri wa kwanza aliyempata, na kufikia mwanzo wa 2021 mtoto alikuwa amerudishwa kwenye dawa yake ya awali, valproiki imeondolewa kidogo kidogo kama ilivyoingizwa.

Desturi ya tiba hii ni kungoja kiasi cha miaka miwili bila ya tukio kabla ya kufikiria kuiacha dawa. Ingekuwa si zile siku kumi, hesabu ingeanzia 2019. Sasa ilianzia jioni ya pipa la maji, na mama hakuomba apunguziwe. Katikati ya 2022 walivuka tena bahari. Umeme wa ubongo ulichorwa na haukuonesha ncha wala wimbi la maradhi. Mtoto, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi, aliambiwa apulize, akapuliza dakika 3 kamili hadi akacheka kwa kizunguzungu. Dawa ikaanza kupunguzwa, na safari hii kijiko kilipungua kwa amri, hatua moja kila baada ya wiki kadhaa, kwa muda wa miezi mitatu. Kila hatua mama alirudi kwenye pini zake. Pini zilibaki kwenye kijaluba.

Watoto wengi wenye kifafa hiki huachana nacho kabla ya utu uzima. Si wote, wengine huendelea, na wengine huja kupata aina nyingine. Mtoto huyu hadi leo ni mzima.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall alianzisha huduma ya wagonjwa wa kifafa huko Mahenge, miongoni mwa Wapogoro, na kwa fenobabitali, dawa ya bei ndogo, aliwaonesha watu kwamba kifafa hutibika kama maradhi mengine. Watu waliotengwa walirudi kula na jamaa zao. Dawa hiyo bado inaokoa, na ni haki iwepo katika kila rafu. Lakini kifafa ni jina moja la maradhi mengi. Kwa mtoto wa kupitiwa, fenobabitali haifai kitu, na kabamazepini huweza kumdhuru. Kumtambua mtoto huyo hakugharimu mashine: kunahitaji mtu wa kumsikiliza mama, na ukanda wa karatasi, na dakika 3. Kumtibu kunahitaji chupa. Ng'ambo, Pemba na Lamu wapo watoto ambao sasa hivi wanapigwa kwa kuacha aya katikati, na si kila mmoja wao ana mama anayehesabu na shangazi aliye Maskati.

Maalim alimpa mama lile daftari siku mtoto alipohitimu. Kurasa za mwanzo zina mistari, zinazofuata zina tarehe tupu, moja baada ya moja, kwa zaidi ya miaka mitatu. Mtoto mwenyewe, ambaye sasa ni mwari wa kujifunga kanga, hulitazama kama atazamavyo mtu picha za harusi ya wazazi wake. Anaambiwa kuwa ni habari zake, naye hakumbuki hata moja.

Juzi alirudi kutoka sokoni bila ya chumvi. "Nimepitiwa, mama," alisema mlangoni. Mama aliinua macho kutoka kwenye kofia yake, akamtazama usoni kwa muda, kisha akarudi kwenye mshono wake akatafuta alipokuwa ameachia kuhesabu.